Pa Kukatia

Siku yangu ya kazi huanza na tupa. Kabla msaidizi wangu hajafika na baiskeli yake, mimi huwa nimeketi barazani, msumeno wa mnyororo umebanwa kwenye kipande cha gogo la mkorosho, nami nanoa jino moja baada ya jingine. Tupa ni ya duara, na husukumwa mbele tu. Ikifika mwisho wa jino huinuliwa na kurudishwa bila kugusa chuma. Mkono hulazwa upande kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, misukumo miwili au mitatu kwa kila jino, idadi ileile kwa meno yote, kwa sababu meno ya upande mmoja yakiwa marefu kuliko ya upande wa pili msumeno huanza kukata kwa kupinda, na mkato uliopinda ndani ya tawi nene huubana msumeno usitoke. Nikimaliza upande wa kulia hugeuza gogo na kuanza upande wa kushoto. Kazi hii huchukua kama dakika ishirini, na sijawahi kuiruka hata siku ambayo mteja amepiga simu mara tatu kuuliza niko wapi.

Mnyororo wenye makali hutema vipande vidogo vya mti vinavyoonekana kwa macho, kama mchele uliovunjika. Mnyororo butu hutema vumbi laini kama unga wa muhogo, na ukiona unga huo unamwagika, jua kwamba anayeushika ameanza kuukandamiza kwa uzito wa mwili wake ili uendelee kukata. Chini ardhini kosa hilo huchosha mikono. Juu ya mwembe, mita kumi na mbili kutoka chini, mtu anayeegemea msumeno wake amekwisha kuacha kuegemea kamba yake.

Watu wa Mtwara huniita mkata miti. Sikatai jina hilo, lakini najua jinsi linavyosikika, kwa maana mkata miti kwa masikio ya wengi ni mtu wa mkaa, au ni yule anayeingia msituni na kutoka na gari la magogo bila kibali. Wakulima wa korosho wana neno linalonitosha zaidi, nalo ni kupogolea. Kupogolea ni kuondoa kwenye mti kile ambacho mti utakuwa bora bila hicho, na anayesema neno hilo amekwisha kukubali kwamba mti utabaki. Kwa makadirio yangu mwenyewe, katika kila miti kumi ninayoitiwa, saba naipogolea, miwili naiangusha kwa sababu imekufa au imeoza shina, na mmoja naukataa. Huo mmoja ndio unaonigharimu fedha, na nitauelezea baadaye.

Nilifundishwa kupanda na mjomba wangu, ambaye alikuwa mkwezi wa minazi upande wa Mikindani. Kwetu sisi mjomba ni mtu mkubwa kwa mtoto, na aliponiambia nimfuate sikuuliza tunakwenda wapi. Vifaa vyake vilikuwa viwili: panga lililofungwa kiunoni kwa kamba, na kitanzi cha kamba ya makumbi alichokivaa miguuni ili nyayo zikamate shina. Alipanda kwa mwendo wa kupumua, mikono kwanza, kisha magoti, kisha kitanzi, na akifika juu alikaa kati ya makuti kama mtu aliyekaa kitini kwake. Alinifundisha kugonga nazi kwa mgongo wa panga na kusikiliza, kutazama kuti kabla ya kulishika kwa kuwa kuti kavu humwachia mtu bila taarifa, na kushuka mara upepo wa kusi unapoanza kuyumbisha kilele, hata kama zimebaki nazi tatu tu.

Kitu kimoja hakunifundisha, kwa sababu mnazi haukihitaji. Mnazi hauna matawi. Una kilele kimoja tu cha kukulia, na ukikikata mnazi wote unakufa. Tena mnazi hauwezi kufunika kidonda: zile ngazi ambazo baadhi ya watu huzichonga kwa panga kwenye shina ili wapande kirahisi hubaki hapo maisha yote ya mnazi, zikikusanya maji ya mvua mwaka baada ya mwaka. Miti mingine kama mwembe, mkorosho, mwarobaini na mkungu ina tabaka hai chini ya gome ambalo huongeza mbao mpya kila mwaka, na tabaka hilo ndilo linaloweza kutambaa juu ya kidonda na kukifunga. Nilitoka kwenye minazi nikaingia kwenye miembe nikidhani kwamba aliyeweza kupanda ameweza kazi yote. Nilijua kupanda. Pa kukatia sikupajua.

Mwembe wangu wa kwanza mkubwa ulikuwa Chikongola, tawi limelalia paa la bati la jirani wa mwenye mti. Nilipanda na panga na msumeno wa mkono, nikasimama karibu na shina, nikaanza kukata tawi kutoka juu. Nilipofika kama theluthi mbili ya unene wake, tawi lilianza kushuka kwa uzito wake lenyewe, na sehemu ya chini ambayo haijakatwa haikukatika, ilichanika. Gome lilibanduka pale tawi lilipoungana na shina, likaendelea kubanduka kwenda chini kama ganda la ndizi, urefu wa mkono wangu mzima, na mti mweupe mbichi ukabaki wazi ukitoa utomvu. Mwenye mti alinishukuru, kwa kuwa bati la jirani lilikuwa salama, na akanilipa. Nilipita pale baada ya miaka minne nikakuta uyoga umeota kwenye lile chaniko, na nilipogonga shina kwa ngumi lilijibu kwa sauti ya ngoma. Mwembe ule uliangushwa mwaka uliofuata. Ulikuwa na umri mkubwa kuliko mama yangu, na aliyeuua ni mimi.

Namna ya kuepuka jambo hilo nilikuja kuijua shambani, siku niliposimama pembeni ya mafunzo ya wakulima wa korosho na kumtazama bwana shamba akishika tawi. Hukatwa mara tatu. Mkato wa kwanza huanzia chini ya tawi, umbali wa kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, na huingia robo tu ya unene. Mkato wa pili huanzia juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, nao ndio unaoliangusha tawi; likianza kuchanika, mchaniko hufika kwenye mkato wa chini na kuishia hapo. Baada ya hapo kinabaki kisiki kifupi kisicho na uzito, na mkato wa tatu hukiondoa taratibu, mkono ukikishikilia.

Huo mkato wa tatu ndio kazi yenyewe. Pale tawi linapotoka kwenye shina huwa pana uvimbe mdogo unaolizunguka, kama kola ya shati inavyozunguka shingo. Kwenye mwembe mzee kola hiyo huonekana kwa mbali, imejikunja mikunjo. Kwenye mkorosho mchanga inabidi uipapase kwa kidole gumba. Uvimbe huo ni mali ya shina, wala si mali ya tawi, na ndani yake ndimo mti ulimoweka kinga yake. Ukikata kwa kulisawazisha tawi na shina ili paonekane pazuri, umeikata kola, na kidonda kinakuwa kikubwa mara mbili na hakina wa kukifunga. Ukiacha kisiki kirefu kama kigingi cha kutundikia kapu, kisiki kinakufa, kinaoza, na uozo unaingia ndani kupitia humo. Pa kukatia ni nje tu ya kola, na tofauti kati ya mkato mzuri na mbaya mara nyingi ni upana wa kidole kimoja.

Aliyeieleza sababu ya jambo hili kwa ulimwengu ni Mmarekani aliyeitwa Alex Shigo, mtafiti wa miti katika idara ya misitu ya nchi yake, ambaye alipasua maelfu ya miti kwa urefu, akitumia msumeno wa mnyororo kama huu wangu, ili aone ndani kidonda kimefanya nini. Alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba mti hauponi kama mwili wa mtu unavyopona. Nyama yetu iliyooza huondolewa na mpya hushika mahali pake. Mti hauondoi chochote. Hujenga kuta kuzunguka sehemu iliyoumia, huifungia humo, kisha hukua kwa nje. Kila kidonda ambacho mwembe wa Mikindani ulipata tangu enzi za babu zetu bado kimo ndani yake, kimezungushiwa ukuta. Vilevile alionyesha kwamba kupaka dawa au rangi juu ya mkato hakuzuii uozo, na kwa hiyo mteja anaponiletea kopo la lami au chupa ya oili chafu ili nipake, huwa namwomba kwa heshima ayarudishe ndani.

Niseme sasa juu ya vifaa, maana ndivyo ninavyoulizwa zaidi na vijana wanaotaka kuingia katika kazi hii.

Nina misumeno miwili. Mdogo, wa kutumia juu ya mti, una uzito wa kilo tatu na ushee ukiwa hauna mafuta, na mshikio wake uko juu ya injini. Mkubwa hukaa chini kwa kukata magogo. Yote miwili hunywa petroli iliyochanganywa na oili ya injini za mipigo miwili, mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli, yaani moja kwa hamsini, na mchanganyiko huo naupima kwa chupa yenye alama. Nimewaona wenzangu wakikisia kwa macho. Oili ikipungua pistoni hukwaruza silinda na injini hunoki, na msumeno ulionunuliwa kwa akiba ya mwaka mzima unageuka chuma chakavu kwa asubuhi moja. Mnyororo nao una oili yake inayoulainisha unapozunguka bamba, ule ulimi mrefu wa chuma unaoubeba. Wengi hutumia oili iliyomwagwa na gereji kwa kuwa haina bei. Mimi siitumii, kwa sababu kila tone linaloingia kwenye mnyororo hurushwa nje, na hurushwa juu ya maembe, juu ya nguo zilizoanikwa na juu ya bati ambalo maji yake yatakingwa mvua ikinyesha.

Mnyororo ukiwa katika kasi kamili hupita mita 20 hivi kwa sekunde moja. Hakuna mkono wa mwanadamu unaoweza kuondoka kwa wakati mbele ya kasi hiyo. Sehemu inayoogopwa zaidi ni ncha ya bamba, robo yake ya juu: ikigusa tawi lingine wakati mnyororo unazunguka, msumeno wote huruka juu na kumrudia aliyeushika, usawa wa shingo na uso. Ndiyo maana msumeno una kinga mbele ya mshikio ambayo mkono ukiisukuma husimamisha mnyororo, na ndiyo maana kila asubuhi, baada ya kunoa, jambo la pili ninalofanya ni kuijaribu breki hiyo. Suruali yangu ya kazi ni nzito na ina joto la kutesa mwezi wa Februari, lakini ndani yake zimo tabaka za nyuzi ndefu ambazo mnyororo ukizigusa huzivuta, zikajisokota kwenye gurudumu linaloendesha mnyororo na kuuzima. Nimeiona kazi yake kwa macho yangu. Nilikuwa chini, nimechoka, nakata gogo la mwisho la siku, msumeno ukateleza ukagusa juu ya goti. Suruali ilifumuka kama mto wa sufi uliopasuka, msumeno ukanyamaza, na ngozi yangu haikuwa hata na mchubuko. Niliketi juu ya lile gogo muda mrefu.

Kamba ndiyo iliyonifundisha kwa uchungu. Nilipoanza kujiajiri nilikwenda kwenye duka moja, nikaeleza ninachotaka, nikauziwa kamba nzuri ya kung'aa kwa maneno kwamba ndiyo wanayotumia wapanda minara. Ilikuwa kamba ya kufungia mizigo ya malori. Kamba ya kupandia hubeba mtu kwa fundo linaloteleza na kushika, lile ambalo duniani linajulikana kwa jina la Karl Prusik wa Austria, aliyelieleza mwaka 1931: ukilisukuma kwa mkono linapanda, ukilitundikia uzito linakaza. Fundo la namna hiyo likiteleza haraka huchemka. Nilipokuwa nashuka kwenye mkwaju huko Mingoyo nilisikia harufu ya plastiki, nikatazama juu, na kuona kamba imeanza kuwa laini na kumetameta pale fundo lilipopita. Nilikumbatia tawi, nikamwita msaidizi alete ngazi. Nilirudi dukani na kamba ile mkononi, nikaambiwa kwamba bidhaa ikishatumika hairudishwi.

Tangu hapo naagiza kamba na mkanda wa kiunoni na mapajani kutoka kwa wauzaji wa vifaa vya kupandia jijini Dar es Salaam, vikiwa na maandishi ya nguvu zake na mwaka vilipotengenezwa, na vinakuja kwa basi kilomita zaidi ya 500. Mkanda wa mtumba sinunui, hata ukiwa mzuri kwa kuutazama, kwa sababu jua la miaka mingi huula nguvu ya uzi na macho hayaoni. Juu ya mti, kabla ya kuwasha msumeno, huwa nimefungwa mara mbili: kamba ndefu inayotoka juu yangu, na kamba fupi yenye waya wa chuma ndani inayozunguka shina. Mtu anayefanya kazi na kifaa cha kukatia lazima afikirie kwamba siku moja kitakata kamba yake, na aamue mapema atabaki ameshikwa na nini.

Viatu vyenye miiba ya chuma ninavyo, na navivaa kwenye mti unaoangushwa pekee. Kila mwiba ni kidonda kingine, na niliyasoma makovu ya ngazi za panga kwenye minazi ya mjomba wangu kwa muda wa kutosha.

Mwaka wa kazi kwetu hufuata korosho. Mavuno yakianza, kati ya Oktoba na Desemba, hakuna mkulima wa Newala wala Tandahimba anayetaka kuniona shambani kwake. Yakimalizika, mialiko huanza, nami hupanda na msaidizi wangu kwenda kwenye uwanda wa juu wa Makonde na kukaa huko wiki kadhaa. Mashamba mengi ya zamani yalipandwa karibu karibu, ilhali mkorosho uliokomaa unahitaji kama mita 12 kila upande, na matawi yamefumana mpaka chini pamekuwa giza mchana. Kivuli na ubichi wa namna hiyo ndio makao ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaoshika majani machanga na maua, ambao umekuwa adui wa mkulima wa kusini tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambao kwa ajili yake salfa hupulizwa kila msimu. Kupogolea hakuondoi haja ya salfa. Kunaingiza mwanga na upepo, na kunaifikisha salfa mahali pake.

Juu ya mkorosho kuna wenyeji wawili. Wa kwanza ni utomvu wake, ambao huchoma ngozi ya watu wengi na kuacha madoa meusi, kwa hiyo glovu na mikono mirefu hazivuliwi. Wa pili ni maji moto, wale sisimizi wekundu wa juu ya miti wanaoshona majani kuwa viota. Wanauma, tena wanauma kwa jamaa nzima. Hata hivyo tawi lenye kiota chao silikati kama lina afya, kwa sababu maji moto huwinda mbu wa mikorosho na kunguni wanaofyonza machipukizi na korosho changa, na huilinda miti bila kulipwa. Mkulima mmoja wa Nanyamba alinishangaa nilipokizunguka kiota kwa uangalifu huku shingo yangu imevimba. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hao ni vibarua wenzako." Amewaacha mpaka leo.

Kosa kubwa ninalolikuta kwenye mikorosho ni kukatwa vilele. Mkorosho huchanua kwenye ncha za machipukizi, nje ya kivuli chake, pale jua linapogusa, na anayekata vilele ameondoa mavuno ya msimu unaokuja. Kinachopaswa kuondolewa kiko chini na ndani: maotea yanayochomoka kwenye shina, matawi yaliyokufa, yanayosuguana, na yanayolala chini kiasi kwamba mwokotaji wa korosho hawezi kupita bila kuinama. Na mkorosho ukifundishwa umbo lake ungali mchanga, kwa mkasi mdogo tu, hautahitaji msumeno wangu kwa miaka mingi. Wahenga walikwisha kusema udongo uwahi ungali maji. Wateja wanaonifuata kwa ushauri huo hawanilipi chochote, nami nafurahi kuwapa.

Mjini kazi ni nyingine. Mtwara ni mji uliopangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati wa mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza ulioleta bandari, na barabara zake ni pana kuliko za miji mingi ya pwani. Shangani kuna viwanja vikubwa vyenye mivinje, miembe na mikungu, na juu yake zimepita nyaya za umeme. Sheria yangu hapo ni moja na sina mjadala nayo: tawi lililo karibu na waya sikaribii mpaka shirika la umeme limekuja na kuzima laini. Laini ya kilovolti 33 haihitaji kuguswa ili iue, kwa kuwa umeme wake huruka hewani, na tawi bichi lenye maji ndani yake hupitisha umeme wa kutosha kuua. Wateja huniambia kwamba fulani aliikata bila kuzima na hakupata kitu. Nawajibu kwamba nimefurahi kusikia yuko salama, na kwamba nitasubiri.

Sasa ule mmoja katika kumi. Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado nchini Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, na kabla ya hapo watu wa Mtwara na Lindi tulikuwa tumetahadharishwa, shule zimefungwa, familia nyingi zimehamishwa kutoka kando ya bahari. Wazee wa Lindi walikuwa wanasimulia kimbunga cha Aprili 1952 kilichowapiga wenyewe. Kwetu safari hii upepo mkubwa haukufika, lakini hofu ilifika na ikabaki. Kwa miezi mingi simu yangu haikutulia, na ombi lilikuwa moja: kata kabisa, au kata kichwa ubaki mfupi. Kukata kichwa cha mti ndiko ninakokataa zaidi. Mti uliokatwa kichwa huogopa njaa, hutoa maotea mengi kwa pamoja chini ya mkato, na maotea hayo yameshikamana na tabaka la nje tu la mbao, juu ya shina ambalo limeanza kuoza kutoka kilele kwenda chini. Baada ya miaka michache mti ni mrefu kama awali, na matawi yake yote ni dhaifu. Aliyelipa ili alale kwa amani amenunua hatari aliyokuwa hana. Nikikataa, mteja humwita mwenye panga, ambaye bei yake ni nusu ya yangu, na mimi hurudi nyumbani na vifaa vyangu.

Bibi mmoja wa Mikindani aliniita wakati huo. Mwembe wake uko nyuma ya nyumba, shina lake watu wawili hawalikumbatii, na tawi moja kubwa lilikuwa limetanda juu ya chumba anacholala. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia, "Mwanangu, mwembe huu aliupanda baba wa mume wangu, na watoto wangu wote wamekula hapa. Lakini ukivuma upepo silali. Ukate wote uishe."

Nilimwomba aniruhusu kwanza niupande. Nilikaa juu asubuhi nzima, nikigonga kila tawi kwa nyundo ya mpira na kusikiliza, kama nilivyofundishwa kugonga nazi. Shina lilikuwa zima. Tawi la juu ya chumba lilikuwa na ufa mahali pa kuungana, nalo lilistahili kuondoka lote. Mengine yalihitaji kupunguzwa uzito kwenye ncha ili upepo upite kati yake. Nilishuka, nikakaa mkekani, nikamweleza kwa kuchora mchangani. Aliutazama mchoro, akautazama mwembe, akasema, "Basi fanya unavyojua. Lakini likianguka juu ya bati langu nitakuita wewe, sitamwita mwingine."

Kazi ilichukua siku mbili. Tawi lile halikuangushwa. Lilishushwa vipande vipande kwa kamba iliyozungushwa kwenye shina, msaidizi wangu akiiachia taratibu kutoka chini, na kila kipande kilitua uani bila kuvunja hata mtungi. Mbao nene alizichukua fundi wa mitumbwi, kuni zilibaki kwa bibi, nami nilipewa malipo yangu pamoja na embe za kutosha kapu. Mkato wa mwisho niliufanya bila haraka, kola yote nimeiacha, kidonda kikiwa duara la upana wa sahani ya wali.

Hupita pale kila mwaka baada ya mvua kwisha. Bibi huniletea kiti, mimi huweka ngazi na kupanda mpaka kwenye kovu. Ukingo wa mbao mpya umekuja kutoka pande zote, umejaa na kuviringika kama mdomo wa chungu, na katikati mti mkavu bado unaonekana. Mwaka jana nafasi iliyobaki ilikuwa upana wa kiganja changu. Mwaka huu viliingia vidole vitatu.